Yuniti Themanini za Kitanda cha 14

Kisa hiki cha kosa la dawa ni changu. Aliyeshika bomba la sindano ni mimi, aliyetia sahihi kwenye kadi ni mimi, na kwa miaka kadhaa nilikisimulia darasani kana kwamba kilimpata muuguzi mwingine. Siku moja mwanafunzi akauliza, "Na huyo muuguzi alifanywa nini?" Nikababaika. Tangu hapo nakisimulia kama kilivyo. Mambo machache ambayo yangemtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha.

Jioni yenyewe

Wodi ya wanaume, vitanda 26, wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu. Kwenye kitanda cha 14 alilala mzee wa miaka 67 mwenye kisukari, aliyelazwa siku nne kabla kwa kidonda cha mguu kilichoshika usaha. Vidonge vyake vya sukari vilikuwa vimesimamishwa, akawa anachomwa insulini ya muda mfupi kabla ya kila mlo.

Karibu saa kumi na mbili jioni nilimpima sukari, ikasoma milimoli 13.8 kwa lita, iko juu. Nikafungua kadi ya dawa. Kadi ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilijaa mchana, daktari wa zamu akahamishia dawa zote kwenye karatasi safi, na ya zamani ikasukumwa nyuma ya faili pamoja na majibu ya maabara. Kwenye mstari wa insulini daktari aliandika 8U, yaani yuniti nane (yuniti ndicho kipimo cha insulini). Mimi nilisoma 80.

Nimeitazama ile kadi mara nyingi baada ya siku ile. Herufi U imeandikwa kwa mkono wa haraka, ncha zake mbili za juu zimekutana, na ukiilinganisha na sifuri za parasetamoli 1000 iliyo mistari miwili juu yake huoni tofauti. Sisemi hivi kujitetea. Nasema kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kosa la dawa huanza na muuguzi mzembe au mlevi wa usingizi. Mimi nilikuwa macho, nimeshiba, na kadi nilikuwa nimeiinamia.

Nikaenda kwenye troli. Mabomba ya insulini, yale membamba yaliyogawanywa kwa yuniti, yalikuwa yameisha, na stoo ilishafungwa. Nikachukua bomba la kawaida la mililita 2 na kupiga hesabu kichwani: insulini yetu ina yuniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo yuniti 80 ni mililita 0.8. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Insulini ni miongoni mwa dawa ambazo utaratibu wetu ulitaka zihakikiwe na wauguzi wawili. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa wodi anabadilisha dripu. Nikamwinulia bomba kwa mbali: "Insulini themanini, namba kumi na nne." Akajibu, "Sawa," na baadaye akatia sahihi. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka sita, na aliniamini.

Mwanafunzi alikuwa ubavuni kwangu ameshika trei ya pamba. Aliitazama kadi, akalitazama bomba, kisha akanitazama mimi. Nilimwona. Nilidhani anajifunza.

Nikamchoma mzee tumboni, chini ya ngozi, akanishukuru, nikaenda kitanda cha 15.

Dakika kama kumi baadaye, nikiwa mezani najaza kadi, yule mwanafunzi akasimama mbele yangu. "Sista, samahani, naomba kuuliza. Yule baba wa kumi na nne, kipimo chake kimepandishwa leo?"

"Kwa nini?"

"Mchana nilikuwa nasoma faili lake kwa ajili ya kazi yangu ya chuo. Tangu alazwe anachomwa nane."

Sikumjibu. Nilifungua faili nyuma kabisa nikatoa kadi ya zamani. Mistari kumi na mmoja ya insulini, na yote ilikuwa nane.

Usiku

Ukishagundua kosa, mikono hutaka kwenda kwenye karatasi: kuhakikisha, kulinganisha, kutafuta mahali ambapo pengine si wewe. Karatasi itakungoja. Nilikwenda kitandani na kipima sukari. Ilisoma 12.9, na mzee alikuwa anaongea vizuri, anaulizia chakula chake. Namba hiyo ingeweza kumdanganya mtu. Insulini ya muda mfupi ikichomwa chini ya ngozi huanza kazi baada ya kama nusu saa, hufika kileleni kati ya saa mbili na nne baadaye, na kwa kawaida huisha ndani ya saa nane. Lakini dozi kubwa iliyomwagwa mahali pamoja hunyonywa polepole, kwa hiyo hata saa ya nane ikipita huwezi kusema hatari imekwisha. Tulikuwa tunamtazama mtu aliyeonekana hana neno ambaye baada ya muda mfupi angeanza kuzama, na tulijua.

Akaletewa chakula papo hapo pamoja na kinywaji chenye sukari. Mwenzangu akamwekea kanula, kile kijibomba cha mshipani, mkononi wakati mishipa bado inaonekana. Kuitafuta kwa mtu aliyelowa jasho na asiyetulia ni kazi ya namna nyingine. Mimi nikampigia daktari.

Namna ya kuongea kwenye simu hiyo hufundishwa sasa katika vyuo vingi, kwa mpangilio uliotokea kwenye manowari za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, na unachotaka kifanyike. Nilisema takriban hivi: "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha 14 nimemchoma yuniti 80 za insulini badala ya 8, dakika kumi na tano zilizopita. Ana kisukari na kidonda cha mguu. Sukari sasa 12.9, yuko macho, ameanza kula, kanula iko tayari. Sukari itashuka sana kuanzia saa moja hivi. Naomba uje, na naomba agizo la glukosi ya mshipani." Anayesikiliza upande wa pili akishaambiwa mambo hayo manne hana haja ya kuuliza, "Unasemaje?" Ilinigharimu kutamka "nimemchoma" badala ya "amechomwa". Kiswahili kina mlango huo wa kutokea, na wauguzi tunaujua vizuri: dawa ilipewa, mgonjwa aliachwa, kipimo hakikuchukuliwa. Nani?

Saa moja na nusu usiku sukari ilikuwa 8.1. Saa mbili na nusu ikawa 4.6, ingawa alikuwa amekula na kunywa. Saa tatu ikasoma 3.1, chini mno, paji la uso limejaa jasho la baridi, na nilipomuuliza jina la binti yake alinijibu habari za gari lililoharibika. Akapewa mililita 200 za glukosi ya asilimia 10 kwa robo saa, sukari ikapanda hadi 6.7, kisha ikawekwa dripu ya glukosi hiyohiyo ya kumvusha usiku. Tulimpima kila baada ya dakika 15, baadaye kila nusu saa, baadaye kila saa. Usiku wa manane daktari alipima potasiamu ikawa 3.2, chini ya kiwango. Wanafunzi husahau hili: insulini haiingizi sukari peke yake ndani ya seli, huingiza na potasiamu, na potasiamu ikishuka mno ni moyo unaolipa. Ikaongezwa kwenye dripu, taratibu.

Alfajiri sukari ilitulia kwenye 5.8. Mchana dripu ikatolewa. Mwanafunzi alitakiwa kuondoka saa mbili usiku. Alibaki hadi saa sita ameshika daftari la vipimo, na hakuna aliyemwambia abaki.

Asubuhi mimi na daktari tuliketi na mzee na binti yake. Niliombwa na mtu mmoja, sitasema nani, nitumie neno "hitilafu". Nilimwambia mzee: "Baba, jana jioni nilikuchoma insulini mara kumi ya uliyoandikiwa. Niliisoma vibaya kadi. Ndiyo sababu usiku ulikuwa vile. Nisamehe." Mzee alinyamaza akitazama mkono wenye kanula. Aliyeuliza ni binti yake: "Na leo nani anamchoma?" Nikamjibu kwamba ni muuguzi mwingine, kwa bomba la insulini lenyewe, na kwamba anaweza kusimama pale akahesabu naye. Akasimama. Alihesabu kwa sauti mpaka siku waliyoruhusiwa.

Barua ya kujieleza

Matroni alitaka barua ya kujieleza kabla ya saa nne asubuhi. Nimeandika barua hizo mbili maishani, na zote zina swali moja tu ndani yake: kwa nini wewe? Ukilijibu swali hilo kwa uaminifu utapata jibu moja, "sikuwa makini", na jibu hilo likishapatikana faili hufungwa. Mabomba ya insulini yanabaki yameisha.

Mwanasaikolojia wa Uingereza James Reason, katika miaka ya 1990, alilieleza jambo hili kwa mfano wa vipande vya jibini vilivyosimamishwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kipande ni kinga, na kila kinga ina matundu. Madhara humfikia mgonjwa siku matundu yanapolingana. Mfano huu umerudiwa mpaka umechakaa, lakini ukikaa na kisa kimoja na kutafuta matundu yake kwa jina, bado unafanya kazi.

Tundu la kwanza ni ile U. Mwaka 2004 shirika la Marekani linalopitisha ubora wa hospitali, Joint Commission, liliweka orodha fupi ya vifupisho visivyoruhusiwa kabisa kwenye maagizo ya dawa, na U ya yuniti imo, kwa sababu hii hii: hugeuka sifuri, au nne, machoni pa msomaji. Neno linatakiwa kuandikwa lote. Katika orodha hiyo pia imo sifuri inayofuata nukta bila kazi, kwa maana 1.0 husomwa 10 nukta ikififia, na nukta isiyotanguliwa na sifuri, kwa maana .5 husomwa 5. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: orodha hiyo niliijua. Niliifundishwa. Ila kujua kwamba U haitakiwi hakukunifanya niione U.

Tundu la pili ni kadi mpya bila ya zamani. Jana yake, macho yangu yangeteleza juu ya safu ya nane zilizotangulia, na 80 ingesimama pale kama mgeni. Kunakili dawa kutoka karatasi hadi karatasi huonekana kazi ya ukarani, na ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Na kunakili kule kulifuta kumbukumbu yote ya siku nne kwa mpigo.

Tundu la tatu ndilo ninalotaka tulitazame kwa karibu, maana katika barua yangu sikuliandika hata neno. Ni lile bomba.

Bomba la insulini kwa kawaida huchukua yuniti 100, yaani mililita 1. Yuniti 8 humo ni kijistari kifupi karibu na sindano. Yuniti 80 hulijaza karibu lote. Muuguzi yeyote aliyechoma insulini kwa mwezi mmoja, akijiona anavuta bomba karibu mpaka mwisho, mkono wake utasita kabla akili haijajua kwa nini. Hiyo ni kinga ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mwongozo wowote: jicho lililozoea umbo. Nilipochukua bomba la mililita 2, niliondoa kinga hiyo. Mililita 0.8 ndani yake haifiki hata nusu. Ilionekana sindano ndogo, ya adabu, kama ninazochoma siku nzima. Dawa ya kumzimisha mtu ilikuwa imevaa nguo za kila siku.

Na bomba la kawaida lina ubaya wa pili, ambao haukunipata mimi ila umewapata wengi: mtu anasoma yuniti 10 kwa usahihi, kisha anavuta mililita 1, kwa kuwa mistari iliyo mbele yake ni ya mililita. Hizo ni yuniti 100. Tena insulini haikuwa na makali haya siku zote. Tangu ilipoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1922, imewahi kuuzwa kwa yuniti 20, 40 na 80 kwa mililita kabla ya 100 kuenea, na ya 40 bado ipo sehemu mbalimbali duniani na bomba lake la peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi hasomi agizo tu. Anasoma agizo, anasoma kichupa, anasoma bomba, na vitatu hivyo lazima viongee lugha moja. Bomba lake likikosekana, insulini haichomwi kwa kubahatisha. Linatafutwa wodi ya jirani. Nilikuwa na miguu miwili na wodi ya jirani ilikuwa hatua thelathini.

Tundu la nne ni ule uhakiki wa "Sawa". Mtu wa pili anatakiwa asome agizo mwenyewe, apige hesabu mwenyewe, kisha ndipo mlinganishe. Mimi nilimpa jibu kabla ya swali. Ukishamwambia mwenzako "themanini", unachomwomba ni akubaliane nawe, na watu wema hukubaliana. Sahihi mbili kwenye kadi ile zilikuwa za macho mamoja.

Utaniuliza, na zile haki tano za utoaji dawa? Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Nilizipita zote. Niliangalia mkanda wa jina, nikaangalia lebo, nikaangalia saa, na kipimo kilikuwa sahihi kwa jinsi nilivyokisoma. Haki tano zinakwambia unatakiwa kufika wapi, barabara haziionyeshi. Mkufunzi anayezikaririsha bila kuonyesha kipimo sahihi kinavyothibitishwa (kadi ya jana, sukari ya leo, uzito, umbo la bomba, swali kwa mgonjwa "huwa unachomwa ngapi?") anawapa wanafunzi wimbo. Na yule mzee, ningemuuliza, angenijibu. Alikuwa anajua hesabu yake kuliko mimi.

Dakika kumi

Sasa nirudi kwa mwanafunzi, kwa kuwa yeye ndiye kinga pekee iliyoona.

Nilimuuliza wiki moja baadaye, tukiwa wawili, kwa nini hakusema kabla sijachoma. Hakujitetea. Alisema, "Nilidhani Sista anajua jambo ambalo mimi silijui." Kisha akaongeza, "Na niliogopa kukuuliza mbele ya mgonjwa."

Sababu hizo mbili hakuzitunga yeye. Alizirithi, na ndiyo maana naona kosa kufundisha historia ya uuguzi kama picha ya mama mwenye taa na tarehe za kukariri. Florence Nightingale, ndiye huyo mama mwenye taa, alipofungua shule yake ya uuguzi kwenye hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, kila mwanafunzi alikuwa na karatasi ya tabia iliyojazwa kila mwezi, na miongoni mwa mambo yaliyopewa alama ni kuwahi, uaminifu, na kimya. Kimya hicho kilikuwa kwa faida ya wagonjwa, sikatai. Lakini alama ya kimya ni alama ya kimya. Mwaka 1893, huko Detroit, Marekani, kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter ikatunga kiapo cha wauguzi na kukipa jina la Nightingale. Ndani yake muuguzi aliahidi kumsaidia daktari katika kazi yake kwa utiifu. Bado kinasomwa kwenye mahafali, mara nyingine kikiwa kimerekebishwa. Na kanuni ya maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi ya mwaka 1953 iliendelea kumtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa akili na kwa utiifu, ingawa pia ilimtaka akatae jambo lisilo la kimaadili. Ilikuwa mwaka 1973 ndipo kanuni ikageuka uso: jukumu la kwanza la muuguzi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake. Kuna wauguzi bado wako kazini waliozaliwa kabla ya sentensi hiyo.

Nightingale mwenyewe, kusema kweli, hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliporudi kutoka vita vya Crimea alichukua takwimu za vifo, akazichora kwa michoro ya rangi, na kuwaonyesha wakubwa wa jeshi kwamba wengi wa askari waliokufa waliuawa na maradhi yanayozuilika, si majeraha. Aliandika pia kwamba sharti la kwanza la hospitali ni isimdhuru mgonjwa, akakiri kwamba linaonekana jambo la ajabu kulisema. Sisi tulichukua taa tukaacha michoro.

Kuna jaribio la mwaka 1966 ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi anapaswa kulijua. Daktari wa akili Mmarekani, Charles Hofling, alipanga mtu ajifanye daktari asiyejulikana na kupiga simu wodini, akimwagiza muuguzi ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa ya kubuni. Kwenye boksi lake paliandikwa kwamba kiwango cha juu kwa siku ni 10. Agizo la simu lilikuwa kinyume cha kanuni, dawa haikuwa kwenye orodha ya wodi, mpigaji hajulikani. Kati ya wauguzi 22, 21 walikwenda kuitoa, wakasimamishwa kabla hawajafika kitandani. Sehemu inayonigusa zaidi ni hii: kundi jingine liliulizwa tu wangefanyaje, na wanafunzi 21 waliokuwamo wote walisema wasingetoa. Wote. Ni rahisi kuwa jasiri kwenye karatasi.

Mwaka 1977 watafiti wengine, Rank na Jacobson, walirudia jaribio kwa dawa ambayo wauguzi waliifahamu, na wakawaruhusu kuongea na wenzao kama ilivyo kawaida ya wodi. Safari hii, kati ya 18, ni 2 tu waliokuwa tayari kutoa. Wauguzi wa 1977 hawakuwa watakatifu kuliko wa 1966. Walikuwa na ujuzi wa dawa, na walikuwa na mtu wa kumuuliza, "Hebu tazama, hii ni sawa?"

Mwanafunzi wangu alikuwa na ujuzi. Alikuwa amelisoma faili kuliko sisi wote wawili, kwa sababu chuo kilimpa mgonjwa mmoja wa kumwandikia na sisi tulikuwa na 26. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana mtu mwenyewe alikuwa mimi, nina haraka, na uso wangu haukukaribisha maswali.

Kisheria na kitaaluma, mwanafunzi hutoa dawa chini ya usimamizi na sahihi yake haihesabiki kuwa ya mhakiki wa pili. Hilo wengi hulitafsiri kuwa hana la kusema. Ni kinyume. Kusema ndicho kitu pekee anachoweza kufanya bila idhini ya mtu. Na kwa upande wangu, kujiandikisha kwa muuguzi kulipoanza kuwa sheria, New Zealand mwaka 1901 na Uingereza mwaka 1919, wauguzi walipata jina kwenye rejista na pamoja nalo mzigo: jina hilo linajibu lenyewe. "Daktari aliandika" haliwi jibu, na kwangu lisingekuwa hata kweli, kwani daktari aliandika nane.

Namfundisha mwanafunzi ngazi tatu za maneno, ayazoeze mdomoni kabla ya siku kufika. Ya kwanza ni swali: "Sista, jana alikuwa na nane, leo ni ngapi?" Likipuuzwa, taarifa: "Sista, kipimo hiki kinanitia wasiwasi." Likipuuzwa tena: "Naomba tusimame kwanza, si salama." Hili la mwisho halihitaji uwe na hakika. Ukikosea, umepoteza dakika mbili na pengine umekaripiwa. Nami kama msimamizi nina ngazi yangu moja: kabla ya kuchoma dawa ya hatari namuuliza mwanafunzi, "Wewe unasoma ngapi?" bila kutaja yangu. Ingenichukua sekunde nne jioni ile.

Kilichobadilika

Nilipewa onyo la maandishi. Mwenzangu hakupewa kitu, nami sikulalamika. Daktari wa zamu aliitwa akaongeleshwa. Bango jekundu la KUWA MAKINI likabandikwa juu ya troli, likakaa mpaka likapauka. Sijui lilimsaidia nani.

Vilivyosaidia vilikuwa vidogo na havikuwa na herufi kubwa. Boksi la insulini na mabomba yake vikawekwa pamoja, na anayechukua bomba la mwisho anaagiza mengine kabla ya kufunga boksi. Neno yuniti likaanza kuandikwa lote. Kadi mpya ikawa haianzi kutumika mpaka muuguzi ailinganishe na ya zamani mstari kwa mstari, na ya zamani ikawa inabaki mbele kwa siku nzima. Fomu ya kuripoti tukio ikabadilishwa pia: mwanzoni ilikuwa na mstari mmoja wa "jina la mhusika" na nafasi ndogo kama kidole ya "maelezo". Sasa ukurasa mzima ni wa nini kilikuwapo na nini hakikuwapo.

Mimi nilikaa miezi bila kuamini macho yangu. Nilihesabu insulini mara nne, nikachelewa, wagonjwa wakala kabla ya sindano, na hilo nalo ni kosa. Mwaka 2000 daktari Albert Wu aliwaita watu kama mimi wahanga wa pili. Jina hilo silipendi sana. Mhanga alikuwa mmoja na alikuwa kitanda cha 14. Ila hali aliyoieleza ni ya kweli, na wodi isiyokuwa na mtu wa kuongea na muuguzi aliyekosea hupata muuguzi anayeficha kosa linalofuata.

Kila muhula mpya naweka mezani mabomba mawili yenye maji ya rangi. Moja la insulini, lililovutwa hadi 80. Moja la mililita 2, lililovutwa hadi 0.8. Nawauliza wanafunzi lipi wangeogopa kulichoma. Wote huonyesha lile jembamba lililojaa. Ndipo nachukua kadi, yenye U iliyofunga ncha zake, nampa aliye karibu aisome kwa sauti.